Mzee Aliyeaga Dunia Kabla ya Kufa

Vijana wa zamu ya asubuhi, siku ya kuniaga mlinipa keki, kadi na kikombe, kisha mkaniomba niwaandikie niliyojifunza katika kazi hii. Keki imekwisha. Kikombe kinavuja. Limebaki hili la kuandika, nami naliandika hapa kwangu Peckham, juu ya saluni ambayo muziki wake hauzimwi, kwa hiyo mkiona nimekasirika mahali msidhani ni ninyi tu. Habari za vyeo na mishahara sitawaandikia. Vyeo havikunifundisha kitu, na mishahara mnaijua wenyewe.

Siku ya kwanza nilichelewa. Nilipanda treni London Bridge kwenda Stanmore, ila nikapanda ya upande wa pili, nikaenda kuitazama Stratford. Nilipofika nyumba ya wazee, meneja alitazama saa, akanipa aproni ya plastiki, akanikabidhi kwa mama mmoja wa Kijamaika aliyeitwa Verna. Kule Machame nilikuwa mwalimu wa darasa la pili. Nilidhani kuosha wazee hakuwezi kuzidi kufundisha watoto kufunga kamba za viatu. Mungu anisamehe kwa ujinga ule.

Verna hakuwa mtu wa maneno. Alinishika mikono akaitumbukiza katika maji ya moto. "Mikono baridi haimgusi mzee wa mtu," alisema, na ndiyo hotuba ndefu niliyopata kwake wiki nzima. Alinifundisha kusema na mtu kabla ya kumgeuza, na kutobishana na mzee aliyekwisha kuvaa viatu, maana huyo ameshaamua kwenda. Alinifundisha pia ile winchi ya kuinulia wagonjwa: mkanda huu chini ya mapaja, huu nyuma ya mgongo, vuta polepole. Na betri. Nimeondoka kazini bila kumjua mtu anayetumia winchi kisha haichaji. Mko kumi na kitu, kila mmoja anasema si yeye. Basi ni shetani. Mwambieni shetani chaji iko nyuma ya mlango wa stoo.

Nusu ya wazee wetu walikuwa Wahindi wa Afrika Mashariki, wa Kampala, wa Kisumu, wa Mombasa. Siku ile ile ya kwanza nikiwa nimebeba sinia, nilisikia sauti ya bibi mmoja nyuma yangu: "Wee! Chai gani hii, baridi kama uso wa polisi?" Nusura nidondoshe sinia. Nikamjibu kwa Kiswahili, na hapo nikajiponza. Tangu siku hiyo kila mzee aliyegoma kula, aliyegoma kuoga au aliyemtukana daktari, niliitwa mimi. Nikawa daraja, na daraja kazi yake ni kukanyagwa.

Sasa niwaeleze habari za Mzee Harilal, maana mmesikia vipandevipande na kila mtu ameongeza chumvi yake.

Mzee Harilal alikuwa mtu wa Tanga, fundi seremala mwenye karakana yake mwenyewe kabla familia haijahamia huku. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, na hakuniacha nisahau. Nikisema "nimekuja kukuogesha," ananisahihisha, "Mtoto huogeshwa. Mtu mzima husaidiwa kuoga." Mkewe alikuwa amefariki. Binti yake mmoja, Nila, ni daktari wa meno anayeishi Rayners Lane, na kila Jumapili alikuja na vyombo vya chakula vilivyofungwa kwa taulo ili visipoe. Mzee alikula, akalaumu mapishi, akatazama kriketi kwenye kiti chake cha magurudumu, akalala. Miaka ikaenda hivyo. Mzee wa raha tele kumhudumia, ukiacha mdomo.

Halafu asubuhi moja ya baridi niliingia na dawa zake nikakuta televisheni haipo.

"Mzee, televisheni iko wapi?"

"Nimempa jirani."

Jirani yake, Bwana Arthur, alikuwa na televisheni yake tayari. Sasa alikuwa nazo mbili, zinabishana. Kufikia chakula cha mchana Mzee alikuwa ametoa redio, blanketi, ndara na vifaa vyake vya masikio. Vifaa vya masikio alimpa bibi mmoja aliyesikia vizuri kuliko mimi, naye akavivaa kama vipuli. Nikavirudisha. Akavitoa tena. Nikavirudisha tena, nikamwuliza kwa sauti kubwa, "Na meno je, Mzee? Meno unampa nani?"

"Meno nitayahitaji kidogo," alisema kwa upole, kama mtu aliyekwisha kulifikiria jambo hilo.

Nikaketi kitandani kwake, jambo ambalo haturuhusiwi, nikamwuliza ana nini.

"Umewahi kumwona ngamia wa kinu cha mafuta?" aliniuliza.

Nikamwambia sisi wa mlimani ngamia tunamwona kwenye picha.

"Wanamfunga macho kwa kitambaa, wanamfunga kwenye mti wa kinu. Anazunguka kutwa. Anadhani anasafiri. Jioni wanamvua kitambaa, yuko palepale. Roho ya mtu ndivyo ilivyo. Inazaliwa, inapenda, inalia, inakufa, inazaliwa tena, inapenda tena. Mimi nimezunguka ya kutosha. Nataka kufunguliwa. Sisi tunaita moksha."

"Yaani kwenda peponi?"

"Peponi pia ni mahali, na ukienda mahali utarudi. Mimi nataka kutorudi."

Akaniambia kwamba kwao maisha ya mtu yana ngazi. Kwanza mwanafunzi, kisha mwenye nyumba, kisha mzee anayeachia wengine usukani, na mwisho kabisa, kwa anayeweza, sanyasi: mtu asiye na mali, asiye na jina la ukoo, asiye na mke wala mtoto, ameaga dunia. Hapo ndipo nilipochoka. Kwetu mtu akiaga dunia unampeleka mochwari. Huyu ameaga dunia na saa nne anataka chai.

Alikuwa ameacha hata Kiingereza. Alisema ni mzigo kama mizigo mingine. Kigujarati nacho aliacha, kwa kuwa ndiyo lugha ya ndugu, kila neno lake lina kamba. Amebakiza Kiswahili, maana hata sanyasi anahitaji lugha moja ya kuombea maji. Mnaona lilivyoniangukia? Nyumba nzima ina wafanyakazi wa mataifa yote, na mzee mtakatifu amechagua lugha ya mtu mmoja ambaye tayari ana wazee wanane wa kuwaosha.

Jumapili Nila akaja na vyombo vyake. Mzee alikuwa amekaa sakafuni, shuka nyeupe mabegani. Alimtazama kwa adabu, akanigeukia mimi.

"Huyu mama ni nani?"

Nikadhani ndiyo mwanzo wa kupoteza kumbukumbu. Nikamjibu taratibu, kama tunavyofundishwa, "Ni Nila, Mzee. Binti yako."

"Mimi sina binti. Mpe maji anywe, ametoka mbali."

Akageukia ukuta. Macho yake yalikuwa mazima, nayo yalimjua. Nila naye aliona. Aliweka vyombo juu ya meza, akatoka hadi pale tunapotundika makoti, akasimama na uso ndani ya koti la mtu mwingine. Kiswahili chake ni cha utotoni, cha jikoni, kinatoka vipande.

"Anti, mimi nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu, mwanangu."

"Basi mbona ananitupa?"

Nikampa karatasi ya kufutia mikono, kwa kuwa leso zilikuwa zimekwisha stoo, kama kawaida.

Meneja alimwita daktari. Meneja wetu mnamjua, hana roho mbaya, lakini jambo lisiloingia kwenye kisanduku cha kompyuta humtoa jasho. Tukakaa chumbani kwa Mzee: daktari kijana kwenye kiti, meneja mlangoni, mimi katikati nikitafsiri, Mzee sakafuni akitutazama kama tumekuja kununua mbao.

Daktari aliuliza kama anajisikia huzuni. Mzee akasema hapana, amechoka kuwa na furaha na huzuni zote mbili. Daktari akauliza kama anataka kufa.

"Mwambie kufa si shida, kila mtu atakufa. Mimi nataka kutozaliwa."

Nikatafsiri. Daktari aliacha kuandika. Akaniuliza kama nina hakika na tafsiri yangu.

"Nina hakika," nikamwambia. "Nimwulize arudie?"

Alimpima akili kwa maswali yote, siku, mwezi, nani yuko madarakani, kuhesabu kurudi nyuma. Mzee alijibu yote, na kwenye kuhesabu alimpita daktari. Mwisho daktari akasema hana ugonjwa wa akili, anakula, anakunywa dawa, na mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kutoa televisheni yake. Kuhusu binti, hakuna dawa. Akaondoka haraka kidogo.

Zikabaki kanuni. Mzee alitaka kulala chini. Chini hakuruhusiwi. Baada ya vikao ikaamuliwa alazwe juu ya lile godoro jembamba la plastiki la kuzuia walioanguka wasiumie. Basi sanyasi wetu akalala juu ya plastiki ya bluu, na kila asubuhi ikabidi tumwinue na winchi, ambayo haikuwa imechajiwa. Yeye ndiye aliyekuwa anaachana na mwili wake, lakini mgongo ulioumia ulikuwa wangu.

Jumapili ya pili Nila alikuja, akakanushwa. Ya tatu hivyo hivyo. Halafu akaacha kuja. Mimi nikajaa. Siku moja nikiwa namkata kucha, uvumilivu ukanitoka.

"Mzee, samahani, nikuulize. Umestaafu ubaba? Ubaba una kustaafu?"

Hakukasirika. Alitazama mkono wake uliokuwa ndani ya wangu.

"Nikimwita binti yangu, nitaanza kungoja Jumapili. Unajua kungoja kulivyo? Ijumaa nasikiliza lifti. Jumamosi nasikiliza lifti. Akichelewa, nahesabu ajali zote za barabarani. Hiyo ndiyo kamba yenyewe. Kamba nyingine zote nilikata kwa mkasi. Hii haina mkasi, ndiyo maana nimefumba macho."

"Na yeye je? Umemfungua, au umemkata?"

Alinipa mkono wa pili. Nikamaliza kucha za mkono wa kushoto, nikaondoka na hasira yangu. Nilikuwa na hasira kwa sababu nilimwelewa, na hakuna kitu kinachochosha kazini kama kumwelewa mtu ambaye ungependa kumlaumu.

Nila alirudi mwezi Machi. Hakuvaa nguo zake za Jumapili, alivaa sari ya pamba ya bibi yake, na mkononi alikuwa na sufuria moja tu. Hakwenda chumbani. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha wageni, akaniita.

"Anti, baba ni sanyasi?"

"Ndivyo anavyosema."

"Kweli kweli? Amefuata sheria zote?"

"Anavyotusumbua, nadhani hakubakiza hata moja."

"Bibi yangu alinifundisha. Sanyasi hapiki. Hana jiko. Hana duka. Kila siku anakwenda kwenye mlango wa mtu na kuomba chakula. Na akipewa, lazima apokee. Hawezi kusema wewe sikutaki, wewe nakutaka." Akanyanyua sufuria kidogo. "Mimi nimesimama kwenye mlango wangu. Nina chakula. Mwambie kuna mama hapa anagawa."

Nilimtazama, nikaona kwamba ujanja huu ulikuwa umemkosesha usingizi majuma mengi. Nikaenda kwa Mzee. Nilimweleza kama nilivyoelezwa. Midomo ilimcheza, akitafuta mwanya katika sheria zake mwenyewe. Hakuuona.

"Sanyasi anatakiwa kwenda kwa miguu," alisema mwishoni.

"Miguu huna. Una kiti cha magurudumu."

Ndivyo ikawa mimi, Mlutheri wa Machame, nikisukuma mtawa wa Kihindu katika korido ya Stanmore akaombe chakula. Meneja alitupita, akafungua mdomo, akaufunga. Tulipofika mlangoni Mzee alikinga viganja vyote viwili. Nila alichota wali uliopikwa na choroko, akauweka pale mikononi, kidogo kidogo, kama unavyomlisha ndege. Mzee akala. Hakuna aliyemwita mwingine jina. Nikageuza kiti, tukarudi.

Kila Jumapili ikawa hivyo, na msidhani nilipumzika. Jikoni walitaka kujua joto la chakula kilichotoka nje. Mtaalamu wa kumeza alitaka kujua ulaini wake. Meneja alitaka kujua amwandike Nila kama nani, kwa kuwa mzee alishasema si jamaa yake. Nikasema mwandike mfadhili. Akaandika rafiki.

Jumapili moja, tukirudi chumbani, Mzee alitazama ukuta akasema, "Mwambie yule mama, chumvi imezidi."

Nilisimamisha kiti. "Mzee! Sanyasi anachagua chumvi?"

"Sichagui. Nataarifu."

Nilirudi kumwambia Nila. Alianza kucheka, akaegemea ukuta, akaendelea kucheka mpaka Bwana Arthur akatoka na kuuliza kuna sherehe gani. "Hivyo ndivyo alivyokuwa akimwambia mama," alisema akijifuta macho. "Maneno hayo hayo." Jumapili iliyofuata alipunguza chumvi. Mzee alikula chote, na hakutaarifu lolote.

Ninyi vijana mwakani mtafundishwa kozi ya kuhudumia imani za watu. Nimeiona, ina picha za mishumaa. Nendeni, msisinzie, cheti mtakihitaji. Lakini hakuna ukurasa utakaowaambia la kufanya mtu anapotaka kuwa huru na wale wanaompenda. Mimi mpaka leo sijui. Nilichokuwa najua ni kumfikisha mlangoni bila kumgonga magoti kwenye fremu, nacho nilikifanya.

Kiangazi kilipoanza, kifua kilimshika. Akakataa hospitali, na kwa kuwa akili yake ilikuwa nzima ikabidi tukubali. Sasa hakuweza kukaa kwenye kiti, hata juu ya plastiki yake hakuweza tena, tukamrudisha kitandani naye hakubisha. Nila aliomba likizo akaanza kuja kila siku. Kwa kuwa Mzee hakuweza kwenda mlangoni kwake, yeye ndiye aliyekuja kwenye mlango wa Mzee. Alisimama nje, mguu hauvuki kizingiti, sufuria mkononi. Mimi nikapokea kijiko, nikampelekea mdomoni. Siku za mwisho kilikuwa ni maji ya wali tu, kisha maji peke yake, kisha kulowanisha midomo.

Nilimwambia Nila, "Ingia basi, mwanangu, hana nguvu ya kukufukuza."

"Hapana, Anti. Ni yeye aliyeomba kufunguliwa. Nikiingia sasa nitakuwa nimemwibia."

Siku ile ilikuwa Alhamisi, karibu na adhuhuri. Nilikuwa nimemgeuza upande wa dirisha na kumpaka mafuta visigino. Joto la nyumba ile, mnalijua, lingeweza kuivisha ndizi. Mzee alifungua macho. Alinitazama, akanipita, akatazama mlangoni, pale alipokuwa amesimama Nila. Akakunja uso, ule uso wake wa kutoridhika na mapishi.

"Wewe Nila," alisema. Sauti ilikuwa nyembamba lakini kila neno lilisikika. "Utasimama hapo mpaka lini? Ingia ndani ufunge mlango. Baridi inaingia."

Nila aliweka sufuria sakafuni. Aliingia, akafunga mlango, akaketi kitandani, jambo ambalo haturuhusiwi, akakichukua kichwa cha baba yake akakiweka mapajani. Mzee alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Alimshika kidole kimoja cha mkono. Nikatoka, nikaenda kusimama korido na kuwafukuza wote waliokuja na vidonge, chati na maswali. Nila aliponiita, Mzee alikuwa amekwisha kwenda.

Nilimwosha mwenyewe, kwa maji ya moto. Jioni, watu wa mazishi walipokwisha kumchukua, Nila alirudi chumbani akanikuta navua shuka. Hapakuwa na vitu vya kukusanya. Alisimama akitazama kuta tupu.

"Anti, nina swali, na sina mwingine wa kumwuliza. Bibi alisema, lile ambalo mtu analishika mwishoni kabisa, ndilo linalomrudisha duniani. Baba alijitahidi miezi yote ile. Alitupa kila kitu. Halafu dakika ya mwisho akaniita jina, akanishika kidole." Alinigeukia. "Nimemharibia? Kwa sababu yangu atarudi tena?"

Nilikuwa nimesimama tangu alfajiri. Mgongo ulikuwa unaniuma, aproni imenigandia, treni ya kurudi nyumbani ilikuwa na matengenezo, na hapa naulizwa swali ambalo maaskofu wangekimbia. Niliona hasira zote za miezi ile zinanipanda, na wala hazikuwa juu yake.

"Sikiliza, mwanangu," nilimwambia. "Mimi dini yenu siijui. Lakini nimewaona watu wengi wakienda, na sijaona aliyekwenda amefunguka kama yule. Na kama kuna Mungu atakayemrudisha mzee yule kwenye kinu, na kikohozi chake kile, eti kwa sababu alimwambia mtoto wake aingie ndani, basi huyo Mungu aje hapa. Mimi na yeye tuna maneno."

Alinitazama. Akavuta pumzi, akajifuta uso kwa ncha ya sari. Kisha akashika shuka upande wa pili, tukaikunja pamoja.